Je, Wajua? Droni Mbili Juu ya Mji wa Kale

Sogea kidogo hapo barazani, unipe nafasi. Leo nina mambo ya angani, na yote yanaanzia hapa hapa kisiwani Mombasa!

Je, wajua kwamba ukiitazama Fort Jesus kutoka juu kabisa utaona umbo la mtu? Kichwa, mikono, miguu, vyote vimo. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ngome ikajengwa kati ya 1593 na 1596, zaidi ya miaka 300 kabla ya ndege ya kwanza yenye injini kuruka. Waliobeba yale mawe hawakupata kuliona umbo hilo hata siku moja!

Wewe waweza kuliona kwa dakika mbili. Droni ya Mavic Mini, iliyotoka 2019, ina uzito wa gramu 249: ile robo kilo ya sukari unayopimiwa dukani, kasoro gramu 1. Na humo mna kamera, betri, redio na mota 4!

Haya, urushe droni ipi? Maana za kupigia video ziko za aina mbili, na tabia zao hazifanani kabisa. Kuna ya kawaida, unayoiongoza huku ukitazama simu au skrini ya rimoti. Na kuna FPV, ambayo rubani wake huvaa miwani inayomfunika macho yote, akaona kile tu kinachoonwa na kamera. Wa kwanza anaitazama droni yake. Wa pili ni kama yumo ndani!

Fanya jaribio hili kichwani. Droni ya kawaida iko juu ya Bandari ya Zamani, nawe ukaachia vijiti vyote vya rimoti. Itaanguka? Hata! Itasimama hapo hapo hewani na kukusubiri. FPV inayorushwa kwa mkono, bila msaada wa kompyuta yake, ukiiachia huendelea kuinama vile vile ulivyoiinamisha, mpaka ikutane na ukuta au maji.

Na hiyo inayosimama, nani anaishikilia? Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu! Kidude cha robo kilo kinatulia juu ya kisiwa kwa kusikiliza ishara za saa kutoka umbali huo.

Mwendo je? Shikilia kofia yako. Droni ya DJI FPV, iliyotoka Machi 2021, hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2, na hufika 140. Hizo ni karibu mita 39 kila sekunde. Piga chafya moja kwenye mtaa wa Ndia Kuu, nyumba kadhaa zimeshapita!

Ila mbio zina gharama yake. Mavic 3, ya kawaida, hukaa hewani mpaka dakika 46 kwa hesabu ya watengenezaji. Avata 2, ambayo ni FPV, dakika 23. Na zile FPV zinazoungwa kwa mkono, kifaa kimoja kimoja, mara nyingi betri huisha kabla ya dakika 10!

Jicho nalo si moja. Kamera ya Avata 2 huona upana wa nyuzi 155, ilhali ya Mini 4 Pro, droni ya kawaida, huona nyuzi 82.1. Pitisha zote mbili katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Kibokoni: ya kwanza itakuletea kuta zote mbili, mlango wa nakshi, kibaraza na paka aliyelala juu yake. Ya pili itakuonyesha mwisho wa njia.

Umewahi kuona video ambayo bahari inalala upande, kisha inainuka tena, na tumbo lako likafuata? Hiyo ni FPV. Kamera ya droni ya kawaida hushikiliwa na gimbali inayosahihisha mitikisiko ya pande tatu, ndiyo maana upeo wa bahari hubaki umenyooka hata upepo ukivuma. Katika Avata 2 gimbali hushughulikia upande mmoja tu, ule wa juu na chini. Droni ikilala, dunia nzima inalala nayo!

Na hapa pana siri tamu. Droni nyingi za FPV huandika ndani ya video kila mtikisiko uliozipata. Iko programu iitwayo Gyroflow inayosoma maandishi hayo na kuinyoosha picha mpaka iwe laini kama iliyopigwa relini. Bei yake? Bure kabisa!

Kufumba na kufumbua jicho huchukua zaidi ya milisekunde 100. Picha kutoka kamera ya DJI FPV hadi kwenye miwani ya rubani huweza kufika kwa milisekunde 28. Yaani kabla hujamaliza kupepesa jicho moja, umeshaletewa habari mara tatu!

Sasa tuingie mitaani, maana huku ndiko kunakonipa raha.

Mji wa Kale una ukubwa wa hekta 72 hivi, na njia zake nyingine ni nyembamba, gari halipiti. Simama katikati uinue macho: utaona ukanda tu wa anga kati ya roshani na mabati. Droni ya kawaida ikishuka humo, setilaiti zinafichika, na huenda ikaanza kuteleza polepole kuelekea ukutani huku wewe hujagusa kitu. FPV ya mkono haina habari na setilaiti. Inamsikiliza rubani basi!

Ndiyo maana nasema bila kusita: juu ya paa, chukua ya kawaida, chini ya paa, mwite wa FPV. Kanuni hiyo itakufaa katika kazi nyingi za kisiwa hiki.

Lakini usikimbie, kuna ukuta. Picha ya FPV husafiri mara nyingi kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, na urefu wa wimbi moja ni sentimita 5 na kidogo. Wimbi dogo namna hiyo likikutana na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, limekwisha! Rubani akikaa nje ya lango la ngome na droni ikakata kona mbili ndani, miwani itajaa chengachenga. Mjuzi hukaa katikati ya njia atakayopitisha, asikae mwanzoni.

Ndani ya Fort Jesus kuna njia iliyochongwa kwenye mwamba wa matumbawe, ikashuka kuelekea baharini; huitwa Njia ya Matao. Giza, kisha mwanga, kisha bahari! Sijui mahali pengine kisiwani panapostahili FPV kuliko hapo. Ila ngome iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ruhusa kwanza, betri baadaye.

Msikiti wa Mandhry ulijengwa karibu 1570, nao bado unasaliwa hadi leo! Mnara wake ni kazi ya droni ya kawaida. Ziko droni unazoziambia “zunguka hapa” tu, zikazunguka duara zima zenyewe bila mkono wako kutetemeka. Waulize wa msikitini, na uchague saa isiyo ya swala.

Zile pembe za Moi Avenue je? Ziko 4, zimetengenezwa kwa aluminiamu, na zikikutana juu ya barabara zinaandika herufi M. Usimame chini yake au mbali nazo, herufi ni ile ile. Kamera ya kawaida itakupa M safi ukiwa mbele yake. FPV itataka kupita katikati ya M, na hapo magari na bodaboda ndiyo taabu yenyewe.

Kwa nini taabu? Soma hii mara mbili. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinakutaka ukae mita 50 mbali na mtu, gari au jengo lisilo chini ya usimamizi wako, ila kwa ruhusa. Mita 50! Katika kichochoro cha Mji wa Kale, ndani ya mita 50 mna nyumba kadhaa, duka, madrasa na watu wote wa mtaa. Kupitisha FPV hapo ni kukubaliana na mtaa mzima: wazee, wenye nyumba na watu wa Nyumba Kumi.

Bado! Ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege huruhusiwi kurusha droni bila idhini. Chukua ramani, upige mstari mnyoofu kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi mpaka Fort Jesus. Utapata kilomita ngapi? Karibu 10 kamili! Kwa hivyo karibu kisiwa chote kimo ndani ya duara hilo. Kila anayetaka kurusha hapa aanzie kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hata kama droni yake ni ile ya robo kilo.

Na juu mwisho ni wapi? Futi 400, yaani mita 122. Usisikitike. Kwa urefu huo Fort Jesus yote yaingia kwenye picha, na bahari yabaki pembeni. Ngome hiyo, pamoja na handaki lake, ina hekta 2.36 tu!

Ikulu ya Mombasa iko kisiwani. Bandari ya Kilindini iko kisiwani. Ng’ambo, Mtongwe, wako wanamaji. Geuza kamera bila kufikiri, na umeshapiga picha ya mahali ambapo hukutakiwa kupiga.

Rubani wa FPV aliyevaa miwani haoni kunguru anayekuja kwa nyuma, wala helikopta, wala mtoto anayekimbia. Kwa hiyo huwa na mwenzake kando, asiyevaa chochote usoni, anayeifuata droni kwa macho na kumwambia, “Panda! Kata kushoto!” Ukiajiri rubani wa FPV akaja peke yake, muulize mwenzake yuko wapi.

Nimetaja kunguru? Keti vizuri. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Asili yao ni Bara Hindi, wakaletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, kisha wakaenea pwani nzima. Wamezidi mpaka mwaka 2024 Kenya ikatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni 1! Nao hawapendi mgeni katika anga lao. Wakianza kuizunguka droni yako, pandisha juu wima. Ndege wengi hawawezi kukufuata wima.

Upepo nao una kalenda. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, kaskazi huja mwisho wa mwaka mpaka Machi, na kati yao bahari hutulia. Mini 4 Pro huhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, yaani kilomita 38 na nusu kwa saa. Na Avata 2 vivyo hivyo! Upime upepo ulipo, pale ufukweni Mama Ngina, usiupime ukiwa uani kwako.

Juu ya maji pana mtego ambao wengi hawaujui. Droni ya kawaida ina vihisi tumboni vinavyosoma ardhi ili ijue imesimama wapi. Mawimbi yanasogea, nayo yaweza kudhani kwamba ni yenyewe inayosogea! Ukitaka kulifuata jahazi linaloingia Bandari ya Zamani, kaa mita kadhaa juu. Na ukirudi, ifute chumvi kwa kitambaa, maana hewa ya chumvi ni adui wa mota.

Mji wa Kale unatazama mashariki, kwenye maji. Maana yake nini kwako? Jua la asubuhi linazipiga nyumba usoni, na alasiri zinabaki kivulini! Anayetaka roshani za mbele zing’ae, aamke alfajiri. Na awe tayari, kwa sababu huku karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima, ule mwanga wa dhahabu hauchelewi kuondoka.

Umeme wa Kenya ni hezi 50. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ikafunguka 1/50 ya sekunde, taa za dukani hazitachezacheza kwenye video yako. Lakini mchana wa Mombasa una mwanga mwingi mno kwa kipimo hicho, kwa hivyo wapigaji huivisha kamera kichujio cheusi. Droni nayo huvaa miwani ya jua!

Sauti? Isahau. Hakuna droni inayorekodi chochote cha maana juu ya kelele za rafadha zake. Video ya FPV iliyotikisa dunia Machi 2021, ya Jay Christensen ndani ya ukumbi wa kubingirisha mipira mjini Minneapolis, Marekani, ina kama sekunde 90, pigo moja bila kukata, na sauti zake zote ziliongezwa baadaye! Nawe fanya hivyo: shuka na kinasa sauti mkononi, ukachukue vikombe vya muuza kahawa vikigongana, adhana, na miguu juu ya mawe.

Mwaka uliofuata, 2022, sinema ya Ambulance ya Michael Bay ilijaa mapigo ya FPV yanayoporomoka kando ya maghorofa ya Los Angeles. Na Februari 2024 droni moja ya FPV ilimfukuza Max Verstappen ndani ya gari la Fomula 1 huko Silverstone, Uingereza. Ilifika zaidi ya kilomita 350 kwa saa!

Hata hivyo, usidhani mapigo hayo hukaa muda mrefu kwenye filamu. Mtazamaji akipewa FPV dakika tano mfululizo, kichwa kinamzunguka. Maoni yangu, nayasimamia: kazi ya video ya Mombasa ihitajiyo dakika tatu, ipe FPV sekunde 20 zilizopangwa vizuri, na zilizobaki ziache kwa droni iliyotulia. Na kama una pesa za kununua moja tu, nunua ya kawaida, umkodishe wa FPV kwa siku ile moja.

FPV haianzi angani. Huanza kwenye kompyuta! Ziko programu za mazoezi, kama Liftoff na VelociDrone, ambamo unachomeka rimoti ile ile utakayoirushia na kugonga kuta za bandia mpaka vidole vizoee. Wa droni ya kawaida aweza kupata picha nzuri siku ya kwanza. Wa FPV huvumilia wiki.

Sasa, zile roshani za mbao zenye vijitundu vidogo vidogo. Zilitengenezwa hivyo ili waliomo ndani waone nje bila kuonwa! Halafu wewe umekuja na jicho linalopaa mpaka uani na juu ya paa, ambako mtu anaanika nguo akiwa kwake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na hodi, nayo bado inafanya kazi. Katika harusi zetu nyingi, kwenye sherehe za akina mama, simu huachwa mlangoni. Droni itapitia wapi?

Je, wajua kwamba chombo cha rafadha nne kina zaidi ya miaka 100? Mwaka 1907 huko Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Bréguet, pamoja na Profesa Charles Richet, walikiinua kimoja kidogo tu kutoka ardhini, huku wanaume 4 wakikishikilia kisiyumbe. Na huyo Richet? Mwaka 1913 akapata Tuzo ya Nobel, tena ya tiba!

Wakati huo huo Mjerumani Julius Neubronner aliwavisha njiwa kamera kifuani. Kamera ilijipiga yenyewe hewani, na katika picha mojawapo ncha za mbawa za njiwa zimeingia pembeni. Rafadha zinazoingia kwenye video yako leo zina babu yao!

Hapa kwetu, Martin na Osa Johnson kutoka Marekani waliruka juu ya Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934 kwa ndege mbili, moja imechorwa milia ya punda, nyingine madoa ya twiga. Wakatoa filamu Baboona mwaka 1935. Ndege mbili nzima, kwa kazi ambayo leo yaingia kwenye begi la mgongoni!

Na jirani zetu Zanzibar? Kuanzia 2016 walirusha droni wakapiga picha Unguja na Pemba zote, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, wakatengeneza ramani. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa marubani.

Unasafiri kwa ndege na droni yako? Betri za akiba hazikai kwenye mzigo wa chini. Ni mkononi tu, ndani ya ndege na wewe. Nyingi za droni za video ziko chini ya wati-saa 100, na hizo hupita bila kuomba idhini maalumu.

Weka alama kwenye kalenda: karibu tarehe 10 Machi na karibu tarehe 3 Oktoba. Siku hizo, adhuhuri, jua hupita sawasawa juu ya Mombasa, na nguzo iliyosimama wima haina kivuli! Ikiwa wataka kupiga Fort Jesus kutoka juu, kuta zote ziwe wazi na vivuli visikufunikie lile umbo la mtu, siku ni hizo mbili. Droni ya kawaida, kamera imetazama chini moja kwa moja.

Unataka ya kwendea nyumbani? Mwaka 2024, Luke Bell na baba yake Mike, wa Afrika Kusini, waliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa droni waliyoiunda wenyewe: kilomita 480 kwa saa, na rekodi hiyo imeshavunjwa tangu hapo! Kutoka hapa mpaka Nairobi kwa barabara ni kilomita kama 480. Saa moja tu, ndugu yangu, ikiwa betri ingekubali. Lakini kwa mwendo ule isingefika hata Mariakani!